Televisheni nayo ifungwe kama ngamia

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema nimeishiwa na la kuandika, hata leo nimekuja na habari za televisheni na watoto. Ni kweli kwamba jambo hili limezungumzwa sana. Limezungumzwa mimbarini siku ya Ijumaa, limezungumzwa katika darsa za kina mama, na barazani halikosi kuzuka kila apitapo kijana aliyenyoa kichwa kwa mtindo wa wacheza mpira. Lakini yote yaliyosemwa ni juu ya kile kinachoonekana ndani ya televisheni, yaani nguo fupi, ngoma na maneno yasiyofaa. Mimi leo sitazungumzia kilichomo ndani yake. Nataka kuizungumzia televisheni yenyewe, uzito wake, waya zake na vijidude vinavyoizunguka. Maana tumeogopa sana kitakachoingia machoni mwa mtoto, tukasahau kile kinachoweza kumwangukia kichwani.

Nitaanza na yaliyonifika mwenyewe, nayo si ya kujivunia.

Ramadhani ya mwaka jana binti yangu alikuja kukaa nasi hapa Mji wa Kale pamoja na mwanawe wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Mimi, kwa kutaka Idi itukute tumependeza, nilikuwa nimenunua televisheni mpya ya inchi 43, nikaisimamisha juu ya kabati la droo ukumbini, mahali ambapo kila mgeni aingiaye hana budi kuiona. Chini yake nikatandika kitambaa cha kufuma, kazi ya mkono wa mke wangu, kikaning'inia mbele kwa uzuri. Rimoti nikaiweka juu ya kabati, nyuma ya televisheni, ili mtoto asiichezee. Nilijiona mwerevu.

Usiku mmoja baada ya kufuturu, wanawake wakiwa jikoni nami nikitia udhu niende tarawehe, tulisikia kishindo. Nilitoka mbio. Droo mbili za chini zilikuwa wazi. Mtoto alikuwa amezifanya ngazi ili aifikie rimoti, akashika kile kitambaa, na vyote vikaja chini pamoja naye. Televisheni ilikuwa imelala kifudifudi na miguu ya mtoto yaonekana pembeni.

Msomaji, nitakwambia neno la kwanza lililonitoka mdomoni, ingawa naona haya kuliandika. Nilisema, "Televisheni yangu!" Sikumtaja mtoto. Binti yangu, ambaye alikuwa amekwisha fika nyuma yangu, alinisikia. Hakusema kitu. Aliinua kile kidude, akamtoa mwanawe na kumpakata.

Alhamdulillahi, mtoto alikuwa hai. Eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa mtulinga umevunjika, na leo amekwisha pona na anakimbia kama wenzake. Daktari alitwambia kwamba ukingo ule ungempata kichwani badala ya begani, mambo yangekuwa mengine. Asubuhi yake binti yangu alinijia kwa adabu akasema, "Baba, sikulaumu. Lakini mwanangu haingii tena ukumbini humu mpaka kitu kile kifungwe." Akafunga mizigo yake, akaenda kwao. Idi ile ilitukuta tumependeza kweli, lakini bila ya mjukuu.

KUFULI ILILINDA NINI?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kwa nini nilitaja televisheni kabla ya kumtaja mtoto? Nadhani ni mazoea ya siku nyingi.

Televisheni ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962. Katika miaka ya sabini na themanini, nyumba yenye televisheni ilijulikana mtaa mzima. Watoto wa majirani walikuwa wakijaa mkekani na wengine wakichungulia dirishani. Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba televisheni nyingi za siku zile zilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye milango na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba au umefungwa katika pindo la leso ya mama. Kufuli ile haikuwa ya kumlinda mtoto. Ilikuwa ya kuilinda televisheni isiguswe na mtoto. Tulikua tukiambiwa, "Usiguse, utaharibu!" Hapana aliyetwambia, "Usiguse, utaumia." Basi sisi nasi tumekuwa baba na babu, na maneno yetu ni yale yale.

Na hatari ilikuwapo tangu zamani. Televisheni ya kioo kinene ya inchi 21 aghalabu hupita kilo 20, na uzito wake mwingi uko mbele, upande uleule ambao mtoto husimama. Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 au 10. Nyingi za televisheni hizo hazijatupwa. Nchi ilipohamia kabisa matangazo ya kidijitali mwaka 2015, watu walizitilia king'amuzi na kuzihamishia chumba cha watoto, juu ya meza dhaifu, ati kwa kuwa ni kuukuu na hata wakizivunja si hasara!

Hizi mpya zilizo bapa ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaotudanganya. Ile yangu ilikuwa kama kilo 8 tu. Lakini ni ndefu kwenda juu, ni nyembamba, nayo husimama juu ya vijiguu viwili vidogo. Mkono wa mtoto ukiivuta kidogo kutoka juu, inamfuata. Tena kilo 8 zikianguka kutoka juu ya kabati, na kabati lenyewe likifuata nyuma, si kilo 8 tena.

Hili si la kwetu peke yetu. Nchini Marekani watoto wengi wamekufa kwa kuangukiwa na televisheni na makabati, hata mwaka 2015 idara ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ikaanzisha kampeni ya kuwahimiza wazazi wazifunge ukutani. Walifika mahali wakaona kuwaambia wazazi "chungeni watoto" hakutoshi.

WAZEE WETU WALIJUA

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa na haja ya kufunzwa jambo hili na Mmarekani. Aliyewahi kuingia katika nyumba kongwe za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ameviona vidaka vilivyochongwa ukutani, safu juu ya safu. Humo ndimo zilimopangwa sahani za Kichina na vitu vya fahari. Kitu cha thamani kilikuwa sehemu ya ukuta. Hakikusimama juu ya meza kikingoja kuvutwa. Hata leo, nyumba gani ya Kiislamu huuacha Msahafu mahali pa chini ambapo mtoto anayetambaa ataufikia? Tunaujua mkono wa mtoto unafika wapi. Lakini televisheni tumeisimamisha katikati ya njia yake, tukaitandikia na kitambaa cha kuvutia.

Basi dawa ya kwanza ni hiyo. Televisheni ipande ukutani. Karibu kila televisheni bapa ina matundu manne ya skrubu mgongoni, nayo yamewekwa kwa ajili ya chuma cha kuitundikia. Ila nawatahadharisha ndugu zangu wa nyumba za kale. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi wa haraka akishapitisha keekee katika chokaa tu, ataondoka na ujira wake, na skrubu zitang'oka kidogo kidogo mpaka siku zije chini na vyote. Fundi niliyempata mimi aligongagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa na kuniambia, "Shekhe, hapa tukitoboa palipo laini tumejidanganya." Alilolifanya ni kulaza ubao mgumu ukutani, akaukaza kwa skrubu ndefu mahali pengi zilipolifikia jiwe lenyewe, kisha ndipo akafunga chuma cha televisheni juu ya ubao. Baada ya hapo alining'inia mwenyewe kwa mikono miwili ili anihakikishie.

Aliyepanga atasema mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Kwanza namsihi mwenye nyumba, tundu la skrubu huzibwa kwa nusu saa. Asipokubali, basi televisheni na ikae juu ya kabati fupi na pana, isogezwe nyuma kabisa, na mkanda imara upitishwe katika yale matundu ya mgongoni na kufungwa nyuma ya kabati. Kitambaa kiondolewe. Droo zitiwe komeo. Na juu ya kabati kisiwekwe kitu chochote ambacho mtoto anakitamani, iwe rimoti, mwanasesere au kopo la biskuti. Kumficha mtoto kitu mahali pa juu pasipo imara ni kumwalika apande. Hilo nimelijua kwa gharama.

KALAMU NDANI YA SOKETI

La pili ni stima. Soketi zetu za matundu matatu ni za mtindo ulioanzishwa Uingereza mwaka 1947, nazo zilibuniwa kwa akili. Matundu mawili ya chini yana vizuizi ndani, na vizuizi hivyo havifunguki mpaka pini ndefu ya juu iingie kwanza. Kwa hiyo mtoto akichokoa tundu la chini kwa msumari, hatafika penye umeme wa volti 240.

Sasa sisi twafanya nini? Tunaletewa redio, sabufa au chaja kutoka Dubai yenye plagi ya pini mbili za mviringo. Haiingii. Baba anachukua kalamu, anaisukuma katika tundu la juu, vizuizi vinafunguka, naye anaichomeka plagi. Mtoto ameketi mkekani anatazama. Kwa kitendo hicho tumemwonyesha ufunguo wa mlango ambao waliobuni soketi walitaka usifunguke kwa mkono wake. Kesho na kesho kutwa, baba akiwa kazini, naye atatafuta kalamu yake.

Adapta ya kugeuza pini mbili kuwa tatu ni kitu kidogo, na duka la vifaa vya stima halikosi. Nunua, kisha kalamu iachie kazi ya kuandika. Na wale wanaonunua vile vifuniko vya plastiki vya kuchomeka ndani ya soketi, wasije wakadhani wamemaliza kazi. Kifuniko hicho nacho kina pini ya kufungua vizuizi, na mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini, matundu ya umeme yanaweza kubaki wazi. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa agizo kwamba vifuniko hivyo visitumiwe katika hospitali zao na vituo vya kulea watu. Soketi nzima isiyovunjika hujilinda yenyewe, bora tusiibatili.

BETRI KAMA KIFUNGO

La tatu ni dogo kuliko yote, nalo lanitisha kuliko yote. Sabufa na redio nyingi za siku hizi huja na rimoti nyembamba, ambayo betri yake ni ya duara, bapa, yang'aa kama sarafu mpya. Ile iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kidroo chake katika rimoti nyingi za bei rahisi hakina skrubu, hufunguka kwa ukucha. Betri za jamii hiyo, kubwa na ndogo, zimo pia katika saa, katika kadi za Idi ziimbazo, na hata katika zile tasbihi za kubonyeza tunazovaa kidoleni.

Mtoto akiimeza, hasa ile pana, huweza kukwama kooni. Watu wengi hudhani hatari ni kuvuja kwa maji yake. Sivyo. Unyevu wa koo huunganisha pande mbili za betri, umeme mdogo hupita, na penye nyama hutokea kemikali iunguzayo mfano wa kostiki ya kutengenezea sabuni. Katika muda wa saa 2 tu koo laweza kuungua vibaya. Hata betri iliyokwisha nguvu kwa rimoti bado ina nguvu ya kuchoma. Na dalili zake ni za kudanganya: mtoto hutokwa na udenda, hukohoa, hukataa chakula, na mama husema ni mafua au meno yanaota.

Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na uombe apigwe eksirei. Usimtapishe wala usimpe chakula au kinywaji. Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri jambo moja tu la kufanya njiani: ikiwa mtoto amekwisha timiza mwaka na betri ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua. Sisi ambao tumefunzwa katika Kurani kwamba asali ina shifaa hatutashangaa. Lakini asali si badala ya hospitali, isikucheleweshe hata dakika moja, na mtoto aliye chini ya mwaka asipewe kabisa.

Mwaka 2022 Australia ilianza kuwalazimisha wauzaji kwamba kidroo cha betri za aina hii kisifunguke kwa urahisi wa mkono wa mtoto, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya namna hiyo. Nasi tunahaki ya kuwataka wafanyabiashara wetu watuletee rimoti za skrubu. Kabla hawajafanya hivyo, zungushia rimoti utepe mgumu mara mbili tatu, na betri kuukuu uzivilingishe utepe kabla ya kuzitupa.

"AJALI HAINA KINGA"

Nilipokuwa na mjukuu hospitalini, jamaa walikuja kunipa pole, Mungu awalipe. Wengi waliniambia, "Ajali haina kinga, mzee. Hiyo ni kadari." Nami kadari naiamini, ni katika nguzo za imani yetu. Lakini moyoni nilijua kwamba droo nilinunua mimi, kitambaa nilikitandika mimi na rimoti niliificha mimi. Je, haya nayo niyasukumie kadari?

Wengine walinong'ona kwamba kosa ni la mama, angemchunga mwanawe. Neno hili silikubali. Mama huyo alikuwa amefunga tangu alfajiri, na wakati ule alikuwa jikoni akiosha vyombo tulivyofuturia sisi. Sisi wanaume ndio tunaochagua televisheni kubwa, ndio tunaochagua pahali pa kuiweka ili wageni waione, kisha ikianguka twauliza mama alikuwa wapi! Hakuna binadamu awezaye kumtazama mtoto wa umri ule kila dakika ya siku. Skrubu haichoki wala haiendi jikoni.

Dini yetu haikuyadharau mambo haya madogo ya nyumba. Mtume (S.A.W.) alituusia hata kuzima taa kabla ya kulala, kwa kuchelea panya asije akauburuta utambi na kuiunguza nyumba na waliomo. Kama panya na utambi vilistahili kutajwa, sembuse televisheni na mtoto? Na kisa cha yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, sote tunakijua tangu chuoni, na jibu alilopewa tunalijua. Kufunga ni kwanza, kutawakali ni baadaye. Televisheni ndiyo ngamia wetu wa leo, naye amesimama ukumbini bila kamba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi methali hii nilikuwa nikiitamka kwa ulimi tu mpaka nilipomwona mjukuu mwenyewe amelala chini ya fahari yangu. Mungu alinisitiri, si kila mtu husitiriwa.

Fundi alipomaliza kazi yake nilimpigia simu binti yangu, nikamwambia kitu kimefungwa. Alikuja siku ya pili. Kabla ya kuvua buibui lake alikwenda ukutani, akaishika televisheni kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Ndipo alipomweka mwanawe chini.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, nawe nenda ukumbini kwako ukaisukume televisheni yako kwa kidole kimoja. Ikitikisika, kesho mwite fundi.